Mwana Wetu Ugenini

Wazazi wengi huuliza yafaa nini kumchukua mtoto katika safari ndefu ya nchi ya mbali. Atachoka, atapatwa na homa, na kabla ya mwaka kwisha atakuwa amesahau yote aliyoyaona; afadhali fedha hiyo ilipie kalamu na madaftari yake. Maneno hayo si ya kipumbavu. Twaliyasikia katika lupango letu la Lubumbashi mwaka 2023, majirani walipopata habari kwamba twajitayarisha kwenda Dar es Salaam, baba, mama na watoto watatu, mpaka ukingo wa bahari. Mzee mmoja, mtu wa heshima, alituambia bila kuficha: «Mwalimu, mshahara wako twaujua sote. Wataka kuumwaga barabarani?» Tulimshukuru kwa shauri lake, tukaendelea kuhesabu akiba yetu.

Hatukwenda kutembea tu. Mama wa watoto wetu ana dada mmoja wa tumbo moja, aliye mkubwa kwake. Dada huyo aliolewa na mtu wa Tanzania, akahamia Dar es Salaam mwaka 2005, na tangu mwaka huo hawakuonana uso kwa uso. Mama yao alipofariki mwaka 2016, dada alikuwa na mimba ya miezi minane, hakuweza kusafiri. Alifanya matanga peke yake chumbani, simu sikioni, akisikiliza nyimbo za maziko kama mtu aliyesimama nje ya dirisha. Watoto wetu alikuwa hajawaona kamwe. Tangu wakati ule mama wa watoto aliweka kando sehemu ya malipo ya kila nguo aliyoishona, nasi tukaongeza kidogo tulichoweza. Ilitupasa kungoja miaka saba.

Juu ya pasi na karatasi hatutasema mengi, maana kila baba wa jamaa aliyewahi kusimama mbele ya ofisi ajua habari hizo. Shauri moja tu twatoa: cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, viwekwe katika mkoba wa mama, wala si ndani ya sanduku lililofungwa juu ya basi.

Mwana wetu wa kwanza alikuwa na miaka kumi. Kwake «nchi ya mbali» ilikuwa ni mahali ambapo hata mbingu si ile ile. Basi lilipokaribia Kasumbalesa, kilomita tisini hivi kutoka mjini kwetu, alijiweka tayari kama mtu atakayeruka mto. Tulivuka. Ng'ambo, wanawake waliuza nyanya zile zile kwa mafungu yale yale, nao walisema Kibemba, lugha ambayo mama yake huisema na jirani zetu kila asubuhi. Mtoto alitazama kuume na kushoto, akaona ajabu moja tu: «Baba, huku magari yanapita upande wa makosa!» Ni kweli, katika Zambia na Tanzania magari huenda upande wa kushoto. Jioni, huko Ndola, aliletewa sahani ya nshima, akaonja, akasema kwa sauti ya mtu aliyedanganywa: «Ni bukari.» Baadaye katika Tanzania alipewa ugali, akauliza kama watu hawa wote walipatana kumficha jina moja.

Toka Kapiri Mposhi twalipanda garimoshi la TAZARA. Vyumba vya kulala hutengwa, wanaume mbali na wanawake mbali, isipokuwa jamaa ikilipia chumba kizima. Tulilipia vitanda vyote sita, tukafunga mlango wetu kama watu walio nyumbani. Reli hiyo ina urefu wa kilomita 1,860. Twaona yafaa kusimulia habari zake kidogo, kwa kuwa mtoto aliuliza, na swali la mtoto safarini halifai kuahirishwa. Mwaka 1965 walowezi weupe wa Rhodesia ya Kusini, wakiongozwa na Ian Smith, walijitangazia uhuru wao wenyewe, na Zambia, nchi isiyo na pwani, ikaona kwamba njia yake ya kupeleka shaba baharini imo mikononi mwao. Kenneth Kaunda na Julius Nyerere wakatafuta njia ya mashariki. Wakopeshaji wa nchi za Magharibi waliona haitaleta faida. Uchina ikakubali, mapatano yakatiwa sahihi mwaka 1967, kazi ikaanza 1970, na mwaka 1975 reli ikafika Kapiri Mposhi. Milima ilitobolewa mahandaki 22. Makaburi ya Wachina waliokufa katika kazi hiyo yako hata leo Gongo la Mboto, nje kidogo ya Dar es Salaam.

Tulipopita nchi ya Serenje tulimwonyesha upande wa kaskazini, ndani ya pori. Huko, katika kijiji cha Chitambo, alifariki Livingstone mwaka 1873. Watumishi wake Waafrika, kati yao Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakakausha maiti, wakaichukua mabegani mpaka Bagamoyo, ambako walifika Februari 1874. Miezi tisa hivi njiani. Vitabu tulivyosomea sisi darasani vilimtaja sana yule aliyebebwa. Mwana wetu hakuuliza lolote juu yake. Aliuliza: «Wale waliobeba, walikula nini?»

Mpaka wa Nakonde na Tunduma tuliuvuka bila shida, saa zetu tukazipeleka mbele saa moja, na toka hapo garimoshi likajaa watu wa Tanzania. Mtoto alisikia sauti katika ujia, akaketi wima. «Baba! Wanasema kama sisi!» Furaha yake haikuwa ndogo. Siku mbili alikuwa mgeni asiyejua Kiingereza wala Kinyanja, na sasa ghafula nchi ya mbali ilisema lugha ya nyumbani kwake. Akatoka mbio.

Hapo karibu sisi tulikuwa na kichekesho chetu. Abiria mmoja mzee alitusalimu mlangoni, nasi tukamweleza kwamba bibi yetu amechoka, amelala. Mzee akashusha sauti kwa heshima, akachungulia ndani akimtafuta kikongwe; akaona mama kijana ananyonyesha mtoto wa miezi kumi. Wasomaji wetu wa Katanga hawataona cha kucheka, lakini huko bibi ni nyanya, mama wa mzazi wako. Mzee alicheka mpaka akafuta machozi, sisi pia tulicheka, akatupa nusu ya ndizi zake.

Mtoto, lakini, akichekwa hacheki. Katika ujia alikuwa amekuta watoto watano au sita, akawaambia kama anavyosema kila siku: «Mi natoka ku Lubumbashi. Baba yangu anafundishaka ku masomo.» Wakamwuliza masomo gani, kumbe alitaka kusema shule. Akaomba mayi. Wakarudia: mayi, mayi! Mmoja akamwuliza kama alipokuwa mdogo alianguka juu ya ulimi wake. Hawakuwa watoto wabaya. Walicheka kama watoto wetu wanavyomcheka Mkasai mgeni anayeanza kusema Kiswahili cha Lubumbashi. Mwana wetu alirudi chumbani, akapanda kitanda cha juu, akageukia ukuta.

Toka saa ile hakusema tena neno moja la Kiswahili. Alitujibu kwa Kifaransa, au kwa kichwa. Garimoshi lilipanda kwenye baridi ya Uyole karibu na Mbeya, mahali pa juu kupita pote katika reli hiyo, karibu mita 1,790 juu ya usawa wa bahari. Likapita Makambako, likaanza kuteremka kuelekea Mlimba, handaki baada ya handaki, daraja baada ya daraja, na miteremko ya misitu ambayo hatujaona mfano wake. Mtoto akayahesabu mahandaki kwa Kifaransa, kwa vidole, midomo ikichezacheza tu. Mbele zaidi, ndani ya mbuga ya wanyama, dada yake wa miaka saba akapiga kelele: «Twiga! Twiga!» Naye akajibu taratibu, bila kugeuza kichwa: «Girafe.»

Neno lile lilituchoma kuliko kicheko cha watoto wale. Sisi ni walimu, twajua linatoka wapi. Katika shule nyingi za miji yetu Kifaransa ndicho lugha ya darasa, na Kiswahili hubaki uani pamoja na mpira na vumbi. Kuna wazazi, nao si wachache, wamkemeao mtoto akisema Kiswahili mezani: acha lugha ya soko! Basi mtoto hujifunza mapema kwamba lugha ya mama yake ni kama ndala, si kitu cha kuvaa mbele ya watu. Na hapa, katika nchi ambayo Kiswahili ni lugha ya serikali, tulimwona akifundishwa mara ya pili kwamba lugha yake haifai, safari hii si kwa kuwa ni Kiswahili, bali kwa kuwa si Kiswahili cha kutosha. Mtu aliyeaibishwa pande mbili namna hiyo atasimama wapi?

Twalitamani kumwamsha na kumweleza mambo. Kwamba Kiswahili cha Katanga hakikuvunjika; kilijengwa. Kililetwa kwanza na misafara ya wachuuzi toka mashariki katika karne ya 19. Halafu, kampuni ya Union Minière ilipoanzishwa mwaka 1906 na mji wa Élisabethville mwaka 1910, migodini walikusanyika watu wa Rhodesia na Nyasaland, kisha wa Kasai, wa Lomami, wa Ruanda na Urundi, kila mtu na lugha ya kwao, na ilibidi waelewane chini ya ardhi, mahali ambapo kutoelewana ni kufa. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alichunguza jinsi Kiswahili kilivyoenea katika Kongo ya Wabelgiji na jinsi wakubwa wa wakati ule walivyotaka kukitumia kwa kutoa amri. Lakini watu hawakukitumia kwa kupokea amri tu. Walikibebea watoto, walikililia wafu. Neno mayi si maji yaliyoharibika. Katika Kiluba wasema mema, katika Kibemba amenshi, nasi tukachukua letu kati ya ndugu hao wote.

Hatukumwambia. Mtoto wa miaka kumi mwenye haya hatulizwi na historia. Mama yake alisema tu: «Mwache. Njaa itamfungua kinywa.»

Haikumfungua. Dar es Salaam tulipokewa stesheni na dada na mume wake, mwanyumba wetu, na watoto wao wawili. Hatutaeleza jinsi dada wawili walivyoshikana baada ya miaka kumi na minane. Wachukuzi wenyewe walizunguka na mizigo yao wakawaacha wasimame. Watoto wa huko walitusalimu moja baada ya mwingine, «Shikamoo», wakingoja jibu, nasi tukajibu «Marahaba» kama tulivyosoma vitabuni, tukiona haya kidogo kama mtu anayevaa suti mara ya kwanza. Kisha dada akainama mbele ya mwana wetu, akamshika mashavu. «Hujambo, mwanangu? Mimi ni mama yako mkubwa.» Mtoto akamtazama, akasema: «Bonjour, maman.»

Siku tatu zikapita hivi. Nyumba ya dada ilikuwa njema na yenye vicheko. Hata saa zilitupa kazi: alitangaza chakula saa mbili, nao binti yetu akalala mapema ili aamke usiku wa manane, maana kwetu huhesabu saa kama Wazungu, na kule huhesabu tangu jua kuchomoza au kutua. Mtoto wetu wa kwanza alijua jibu la fumbo hilo kabla yetu, kwa kutazama saa ya ukutani na kusikiliza, lakini hakumwambia mtu. Alikuwa anasikiliza kila neno. Tulimwona akitembeza midomo nyuma ya binamu zake: maji, shule, ndege. Alikuwa akifanya mazoezi kwa siri ili siku moja atokee na kinywa kipya. Usiku wa tatu dada alimwuliza mama wa watoto, taa zikiwa zimezimwa: «Mtoto amenikataa? Ulimwambia nini juu yangu? Kwamba sikuja kumzika mama?»

Hapo tulifahamu kwamba jambo lililoanza katika ujia wa garimoshi limekua. Mtoto alinyamaza kwa aibu yake mwenyewe, na mwanamke mzima aliusoma ukimya ule kama hukumu ya jamaa yote ya Lubumbashi. Mama wa watoto alimweleza habari za watoto wa garimoshi. Alisikia. Lakini kidonda cha miaka saba hakiponywi kwa maelezo ya usiku mmoja.

Kesho yake ilikuwa siku ya bahari. Tulikwenda sote Kigamboni kwa pantoni, watu na pikipiki na mikokoteni ya matunda vimesongamana, na mtoto mdogo mgongoni akicheka kila honi. Bahari ilikuwa imekupwa. Hilo nalo ni ajabu kwa watu wa bara: umefika mbali namna hiyo, na maji yamekwenda zake, yameacha mchanga, mitumbwi imelala ubavu. Tulimweleza mwana wetu kwamba mwezi huyavuta, na kwamba hupwa na kujaa mara mbili kila siku. Alichora mstari mchangani kwa kisigino, akaketi nyuma yake kuona kama baba asema kweli. Tuliketi pamoja naye. Baada ya saa moja na nusu wimbi dogo lilifuta mstari, akaruka. Akakimbia ndani ya maji mpaka magotini, akachota kwa mikono miwili kama achotavyo kisimani kwetu, akanywa.

«Mama! Kuya! Kuya uone! Mayi yote iko na chumvi!»

Alilia kwa sauti ambayo pwani nzima iliisikia. Binti yetu alicheka, binamu zake wakacheka. Dada alikuwa amesimama karibu nasi, ameshika viatu vya watoto. Viatu vilianguka. Akaketi mchangani, akafunika uso wake kwa kanga, akalia kama watu wanavyolia penye maziko, kwa mwili wote.

Mtoto akaganda ndani ya maji. Alidhani kosa limerudi. Akaanza kusema kwa haraka: «Maji, maji, nilitaka kusema maji...» Dada akamwita kwa mkono, akamvuta kifuani, nguo zake zikalowa zote. «Hapana, mwanangu. Sema kama ulivyosema. Sema *kuya*.» Mtoto akatutazama sisi. Tukaitikia kwa kichwa. Akasema kwa sauti ndogo: «Kuya.» Akasema tena, na mara ya tatu kwa nguvu.

Ndipo dada akasimulia, na mama wa watoto akamsaidia pale sauti ilipokatika. Mama yao, kila jioni giza lilipoingia, alisimama penye mlango wa lupango akawaita wanawe kwa neno hilo moja, bila majina: Kuya! Nao walijua limewahusu wao na si watoto wa jirani. «Tangu nilipokuja huku», dada alisema, «hakuna mtu aliyeniita hivyo. Watoto wangu huniambia njoo. Mume wangu huniambia njoo. Nilizoea. Nilidhani nimezoea.» Wale dada wawili waliketi bega kwa bega, wakamlilia mama yao pamoja, mara ya kwanza, mwaka wa saba baada ya kifo chake, kati ya vijana waliocheza mpira na mtu aliyeuza mihogo ya kukaanga. Mwuza mihogo alitutazama, akasimamisha wito wake, akapita kimya. Adabu kama hiyo twaitakia kila mji.

Toka siku ile mtoto hakunyamaza tena, hata mwanyumba wetu aliomba, kwa mzaha, bonjour irudi kidogo. Watoto walibuni mchezo wa majina. Mmoja ataja kitu kama kinavyoitwa kwao, mwingine ajibu. Sombe: kisamvu. Lengalenga: mchicha. Bukari: ugali. Ndeke: ndege. Aliyekosa jibu alibeba ndoo ya maji, au ya mayi, toka bombani. Mwana wetu alibeba ndoo mara chache, kwa sababu mazoezi yake ya siri hayakupotea bure. Alikuwa na vinywa viwili, na wenzake kimoja.

Mwanyumba wetu hufanya kazi ya kutoa mizigo forodhani, na shaba ya Kongo hupita mbele yake kila siku, kwa maana sehemu kubwa ya shaba yetu hutokea bandari ya Dar es Salaam. Alimwonyesha mtoto lori lililofunikwa turubai, akainua pembe yake: mabamba mekundu yamepangwa kama vitabu. «Hii imetoka kwenu.» Mtoto akagusa. «Kumbe imetutangulia», akasema.

Katika jiji lile alitembea akisoma kila kitu kwa sauti: mbao za maduka, magazeti, karatasi ya benki ya mwanyumba, tangazo la hospitali. Alikuwa hajaona Kiswahili kimevaa suti. Katika duka la vitabu alikuta *Mabepari wa Venisi*, mchezo wa Shakespeare alioufasiri Nyerere na kutolewa mwaka 1969, akashangaa kwamba mkuu wa nchi aliketi usiku kutafuta maneno. Tulimkumbusha kwamba yule kabla ya kuwa mkuu alikuwa mwalimu, na hata alipokuwa mkuu watu walimwita Mwalimu. Tulikinunua kitabu. Asiwaze mtu kwamba huko yote yamekamilika: binamu yake mkubwa husoma shule ya sekondari, ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza, na tulimwona jioni akikariri sura nzima ya elimu ya viumbe bila kufahamu nusu yake. Tulikumbuka darasa letu.

Siku moja twalikwenda Bagamoyo, kilomita sabini hivi kaskazini. Mama yao marehemu alikuwa Myeke wa Bunkeya, na Wayeke wajua kwamba babu zao walitoka mashariki, nchi ya Wanyamwezi na Wasumbwa, pamoja na Msiri, mwana wa mchuuzi wa shaba, aliyejifanyia ufalme katika Katanga mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs. Kwa Bagamoyo misafara ya bara ilimalizikia: pembe, shaba, na watu waliofungwa. Tulisimama ufukoni bila maneno mengi. Dada aliokota kokoto mbili nyeupe, akazifunga katika kitambaa, akatupa tuziweke juu ya kaburi la mama yao. Ziko pale.

Fedha? Iliisha yote, kama mzee jirani alivyotabiri. Tuliporudi tulikula sombe miezi mitatu bila nyama wala samaki, na mama wa watoto akashona mpaka usiku. Mzee alikuja kutusalimu, mtoto akamsimulia safari tangu Kasumbalesa hata bahari, muda wa saa mbili nzima, na mzee hakuondoka. Alipofika penye mstari wa kisigino, mzee alimwuliza mara mbili kama ni hakika maji yalirudi.

Sasa kila Jumapili baada ya chakula mwana wetu humtumia mama yake mkubwa sauti yake kwa simu: habari za shule, za mvua, za kuku wetu. Shuleni anaandika Kiswahili sanifu bila shida, nasi tunamsahihisha kama wengine wote. Jumapili ya juzi dada alituma malalamiko. Alisema amesikiliza mpaka mwisho, mara mbili, na mtoto amesema maji.